Mashini iliyomngoja mtu usiku kucha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua mlango wa ofisi, na kabla sijawasha taa nikaiona nukta ya mwanga chini ya meza. Inawaka polepole, inafifia, inawaka tena. Mashini ilikuwa hai, lakini feni zake kimya kabisa.

Jana yake jioni nilikuwa nimeiachia picha 1,200 za droni, zilizopigwa juu ya mtaa mmoja unaokua upande wa Ruashi. Kazi yake ilikuwa kuzishona zote ziwe picha moja ya ramani, ili sisi tuchore mipaka ya kila lupango, yaani kiwanja, juu yake. Ni kazi ya usiku mzima. Nikagusa kibodi. Feni zikanguruma, skrini ikafunguka, na hesabu ikaendelea kutoka pale ilipokuwa imeachia: picha ya 212.

Mia mbili na kumi na mbili, usiku kucha.

Kijana tunayefanya naye kazi aliingia nyuma yangu, akachungulia juu ya bega langu. "Yaya, iko inalala tena?"

Ilikuwa mara ya tatu juma lile.

## Nililaumu umeme

Kwa mtu wa Lubumbashi sihitaji kueleza. Hapa kwetu ukikuta kitu kimesimama, jibu liko mdomoni kabla ya swali. Sehemu ya umeme wetu hutoka Inga, kwenye mabwawa ya mto Kongo, ikapita kwenye nyaya za kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi kabla ya kutufikia sisi, na katika miezi ya mvua radi haina adabu. Nimekulia ndani ya delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu. Kwa hiyo mashini yetu niliipanga tangu mwanzo kama mtu anayejua anakoishi: umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe bila kuguswa, na OpenDroneMap, programu inayoshona picha, inaanza tena kazi pale ilipokatikia.

Mpango ulikuwa mzuri, na ndio maana uliniumiza ulipokataa.

Nilibadilisha betri ya onduleri (UPS). Nilibadilisha waya wa ukutani. Niliwaomba wenzangu wasichomeke birika la chai kwenye soketi ileile. Na kilichonipoteza zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa upande wangu: usiku ambao umeme haukukatika, kazi ilifika mwisho, usiku ambao ulikatika, nilikuta nukta inapepesa. Nani asingelaumu umeme?

Ilichukua wiki tatu kujiuliza swali ambalo mtoto angeuliza siku ya kwanza. Umeme ukikatika, mashini huzimika. Haipepesi.

Ile taa ilikuwa taa ya usingizi. Kuna aliyekuwa akiilaza.

## Dakika ishirini

Kila mashini ya Linux ya siku hizi ina daftari lake. Niliketi na chai yangu, nikaandika `journalctl -b`, nikaanza kusoma usiku ule mstari kwa mstari.

Saa saba na dakika kumi na nne za usiku, umeme umerudi, mashini imejiwasha. Sawa. Diski zimekaguliwa, mtandao umepanda, OpenDroneMap imeanza. Sawa. Kisha dakika ishirini na kidogo za kazi safi, halafu mstari mmoja kutoka kwenye kerneli, kiini cha mfumo, ukisema mashini inaingia usingizini:

`PM: suspend entry (deep)`

Baada ya hapo hakuna kitu hadi saa kumi na mbili na nusu, nilipogusa kibodi.

Nikafungua usiku mwingine uliokatika, na mwingine. Dakika ishirini kila mara. Umeme hauna saa, haujui kuhesabu dakika ishirini. Programu ndiyo inayojua.

Sasa ilibaki kujua ni programu ya nani. Katika mipangilio yangu nilishakataza usingizi zamani. Katika akaunti ya Mama, fundi wetu wa kuchora ramani, vilevile. Kijana naye, vilevile. Nilizikagua zote tatu mara mbili, na zote zilikuwa safi. Lakini kulikuwa na mtumiaji wa nne ambaye sikumfikiria, kwa sababu si mtu.

Ile skrini ya kuingilia, yenye majina yetu na nafasi ya neno la siri, ni programu inayoitwa GDM, nayo inaendeshwa chini ya akaunti yake yenyewe. Kwenye Debian, aina ya Linux tunayotumia, akaunti hiyo inaitwa `Debian-gdm`. Ina mipangilio yake, na sheria zetu sisi watatu haziihusu hata kidogo. Na kuanzia GNOME 3.28 ya mwaka 2018, mfumo wa madirisha ambao GDM ni sehemu yake, mazoea yakawa kuilaza mashini baada ya dakika 20 za ukimya, hata ikiwa imechomekwa ukutani.

Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Umeme usipokatika, Mama huwa ameiacha akaunti yake wazi jioni, na akaunti yake hailazi kitu. Umeme ukikatika na kurudi, mashini inaamka, inafungua mlango, inasimama hapo na majina yetu matatu kwenye kioo, inangoja mmoja wetu aje. Saa saba za usiku. Sote tuko kitandani. Ikishangoja dakika ishirini bila kuona mkono, inalala, na kazi inalala nayo.

Kazi ya processor haihesabiwi. Processor inaweza kuchemka kwa hesabu, na bado kwa ile skrini mashini haina mtu, maana mtu kwake ni kipanya na kibodi.

## Mlango wa zamani

Siku zile nilisoma kidogo historia ya skrini hizi. Ya kwanza iliyojulikana sana, xdm, ilitoka mwaka 1988 pamoja na X11R3, toleo la mfumo wa madirisha wa enzi hizo. Ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vyenye vituo vingi vya skrini, ambapo kompyuta yenyewe iko kwingine na watu wanapita, wanaketi, wanaingia, wanaondoka. Mlango ule ulikuwa na haki ya kuwepo, kwa sababu watu walikuwepo.

Mashini yetu saa saba za usiku haiko hivyo. Nikaamua kuufunga mlango wenyewe.

Namna ni nyingi, na nusu yake hudumu hadi kukatika kwa umeme kunakofuata tu. Ukiisimamisha GDM kwa `systemctl stop gdm3`, inaondoka. Mashini ikiwaka upya, imerudi. Ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 unapata skrini nyeusi ya maandishi, lakini GDM iko palepale nyuma, inahesabu. Unaweza pia kuikamata mashini inapoanza, kwenye menyu ya GRUB, ukaongeza `systemd.unit=multi-user.target` mwishoni mwa mstari wa kerneli, nayo itaingia kwenye maandishi kwa mara hiyo moja tu. Hiyo inafaa skrini ya picha ikigoma kufunguka.

Mimi nilifundishwa zamani kwa namba: ngazi ya 3 ni maandishi, ngazi ya 5 ni picha, nenda ubadilishe `/etc/inittab`. Somo lile lilikuwa la familia ya Red Hat, Linux ya aina nyingine; kwenye Debian ya enzi hizo ngazi ya 2 hadi ya 5 zilikuwa kitu kimoja. Leo ni amri moja:

`sudo systemctl set-default multi-user.target`

Inachofanya ni kidogo sana. Inageuza kiungo kimoja, `/etc/systemd/system/default.target`, kielekee kwingine. Haifuti programu yoyote, na kwa `graphical.target` mahali pale pale unarudi ulikotoka. Niliiandika nikiwa mezani kwangu, kupitia ssh, njia ya kuiagiza mashini kutoka kompyuta nyingine, adhuhuri ya Jumatano.

Kisha nikaongeza ya pili, kwa sababu sikutaka kungoja mashini iwake upya:

`sudo systemctl isolate multi-user.target`

## Adhuhuri ya Jumatano

Amri ile ya pili haingoji. Inasimamisha kila kisichohitajika katika hali unayoiendea, saa hiyohiyo. Skrini ya picha haihitajiki huko. Wala chochote kilicho ndani yake.

Mama alikuwa ameketi pale.

Nilidhani ameenda kula. Mkoba wake haukuwa kwenye kiti, na nilikuwa nimemsikia akiongea na mtu mlangoni. Kumbe alirudi. Alikuwa ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, tangu saa tatu asubuhi, anachora mipaka ya lupango za mtaa mzima, nukta kwa nukta, kona kwa kona, juu ya picha ambayo mashini ilimaliza kuishona Jumapili. Hakuwa amehifadhi. Anapochora huwa hahifadhi hadi amalize mtaa, ni desturi yake, na miaka yote ile haikumgharimu.

Sikusikia ukelele. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha nyayo zake, kisha akasimama mbele ya meza yangu.

"Mutoto yangu, kazi yangu iko wapi?"

Nilitazama skrini yangu. Amri mbili zilikuwa zimekaa pale, moja chini ya nyingine.

Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, na mengi nimeyasahau. Hili sijalisahau, na sidhani ni kwa sababu ya saa tatu za kuchora zilizopotea. Mama alizirudia Alhamisi, kwa saa mbili na nusu, maana mkono ulishajua njia. Lililobaki nami ni uso wake alipoelewa kwamba hakuna kilichoharibika. Mashini haikuanguka. Ni mimi niliyeamua, nikiwa upande wa pili wa chumba, kwamba pale hakuna mtu.

Nilikuwa nimefanya kilekile nilichoilaumu ile skrini. Nilihesabu mkoba na kiti.

## Herufi zinazokataa

Alhamisi asubuhi Mama alikuta skrini nyeusi, mistari miwili ya herufi nyeupe, na neno `login:`. Nilikuwa nimemweleza: andika jina lako, bonyeza Enter, andika neno la siri, bonyeza Enter, kisha andika `startx`, amri ya kufungua madirisha.

Jina likakubali. Akaanza neno la siri, akasimama. "Kibodi imekufa."

Kibodi ilikuwa nzima. Kwenye hali ya maandishi neno la siri halionyeshi kitu unapoliandika, hata nukta moja. Mimi nimezoea hadi sioni tena kwamba hakuna kitu. Nikamwambia aendelee tu, mashini inasikia. Akaendelea, kidole kimoja kimoja, akabonyeza Enter.

`Login incorrect`

Mara tatu. Mara ya nne aliniomba niandike mimi, akaninong'oneza neno lenyewe sikioni, jambo ambalo mtu hapaswi kulazimishwa kulifanya. Nikaandika. Likakataa kwangu pia.

Hapo ndipo nilipoona. Kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kama karibu zote za mji huu. Lakini aliyeisimika mashini zamani alichagua mpangilio wa Marekani, na ndani ya madirisha tulikuwa tumebadilisha kila mmoja kwake, tukasahau. Skrini nyeusi haikujua mabadiliko yetu. Mama akibonyeza A, mashini ilisikia Q. Akibonyeza M, ilisikia nukta-mkato. Na kwa kuwa haionyeshi unachoandika, hakuna njia ambayo angeweza kujua.

`sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`, kuchagua mpangilio wetu, kisha `setupcon`. Dakika mbili. Lakini zile mara tatu alizokataliwa na mashini anayoitumia miaka yote hii, mbele ya kijana aliyesimama pale na karatasi akingoja, sikuweza kuzirudisha.

## Lililonikera

Jioni ile sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilitembea hadi Kamalondo, nikala bukari na samaki peke yangu, nikajiuliza kitu ambacho hadi leo hakijaniachia kabisa.

Je, nilihitaji kuifunga ile skrini?

Maana dawa ya kweli ya ugonjwa ilikuwa mstari mmoja. Katika faili la `/etc/gdm3/greeter.dconf-defaults`, chini ya sehemu ya umeme, unaandika `sleep-inactive-ac-type='nothing'`, na yule mtumiaji asiye mtu anaacha kuilaza mashini. Au ukitaka kuukata mzizi wote, unazifunika `sleep.target` na `suspend.target` kwa `systemctl mask`, na hakuna atakayeweza kuilaza, awe mtu au programu. Mama angeendelea kuona jina lake na mahali pa kubofya. Asingepoteza chochote, asingeninong'oneza neno lake la siri.

Nilijiambia ni kwa ajili ya RAM. Kweli, skrini ile inakula megabaiti mia kadhaa, na OpenDroneMap ni mlaji mkubwa wa RAM. Lakini mashini ina gigabaiti 32. Nilipima kwa `free -h`, kabla na baada. Tofauti ipo, ila si hiyo iliyowahi kuiangusha kazi yetu hata siku moja.

Nilijiambia ni kwa ajili ya usalama, programu chache zinazoendeshwa na kadhalika. Hiyo ni kweli kwa seva. Mashini yetu ni seva usiku, na asubuhi ni meza ya Mama.

Ukweli ni kwamba naipenda skrini nyeusi. Ndipo nilipojifunzia kazi, na nikiiona nahisi mashini iko mikononi mwangu. Niliichagulia ofisi nzima kitu ninachokipenda mimi, nikakiita dawa.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema nikiwa tayari na `graphical.target` kwenye vidole. Nikawaza, hapana. Safari hii nitamwuliza kwanza.

## Jibu lake

Nilimweleza yote, bila kuficha mstari ule mmoja. Kwamba naweza kumrudishia skrini yake sasa hivi, na usiku mashini haitalala. Alinisikiliza akiwa anavua koti.

"Ile ya zamani," akasema, "nikifika asubuhi inanionyesha jina yangu tu. Siwezi kujua kama imemaliza ao haiyamaliza. Nangoja wewe ufike, nikuulize."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka yote alikuwa akifika kabla yangu, anaketi mbele ya mashini iliyofanya kazi usiku kucha, na mashini haina la kumwambia. Kuna asubuhi aliifungulia programu zake katikati ya kazi na kuipunguzia kasi, kwa kuwa hakujua. Kuna asubuhi alingoja saa nzima bure.

"Hii nyeusi inaweza kuniambia?"

Inaweza. Yale maneno mawili matatu yanayotokea juu ya `login:` hutoka kwenye faili la `/etc/issue`, na ukiweka mafaili yenye mwisho wa `.issue` ndani ya `/etc/issue.d`, yanaongezwa hapo. Ukiandika jambo jipya kisha ukaita `agetty --reload`, skrini inajichora upya palepale, mradi hakuna aliyeanza kuandika jina lake. Ni maandishi matupu, kwa lugha yoyote unayotaka.

Tulitumia mchana ule kuyaandika, sisi wawili. Mimi nilipendekeza asilimia, akazikataa. Anataka picha ngapi kati ya ngapi. Nilitaka kuandika `startx`, akasema neno hilo halimwambii kitu. Nikamwekea faili la `.xinitrc` lenye mstari mmoja wa kufungua Xfce, mfumo wa madirisha ambao ndio anaoutumia tangu zamani, na neno la mkato alilolichagua mwenyewe. Akimaliza kazi na kutoka, anarudi kwenye nyeusi, na hakuna mlango unaohesabu dakika nyuma yake. Ule mstari wa GDM nao niliuandika vilevile, siku mtu akiirudisha.

Na QGIS sasa ina nyongeza ya kuhifadhi kila baada ya muda. Hilo yeye hakuniomba. Niliomba mimi ruhusa ya kuliweka.

Jumanne iliyopita usiku ilinyesha mvua kubwa, radi juu ya mji mzima, na umeme ukaenda na kurudi mara mbili. Nilifika saa moja kasoro. Mama alikuwa ameketi kitambo, chai mkononi, miwani imesukumwa juu ya paji la uso, hajagusa kibodi. Chini ya meza feni zilikuwa zinavuma. Kwenye skrini nyeusi kulikuwa na mistari mitatu:

`Mashini iko kazini. Picha 1,131 kati ya 1,200.`
`Ngoja kidogo, Mama.`
`Ikiisha, ingia kisha andika: ramani`

"Bado sitini na tisa," akaniambia, akanivutia kiti.